Nyuma ya Kunguru

Saa kumi na moja na nusu, alfajiri ya Ruwi.
Juu ya paa la Bi Zuwena nimelala kifudifudi
kati ya matangi mawili ya maji,
viwiko kwenye zulia kuukuu alilonitupia jana:
"Usichubuke, saruji hii haina huruma."
Bunduki ya upepo haina kishindo.
Hukohoa kidogo, kama mtu anayejizuia msikitini.

Barua ya manispaa iko mfukoni, imelowa jasho.
Inasema kunguru, na si ndege mwingine.
Si hudihudi akipita na taji lake,
si kasuku wanaogombana kwenye mkungu kila asubuhi
mpaka mtu anatamani barua iwe ndefu zaidi.

Aliyenifundisha ni Zahor bin Mbaruk, fundi wa viyoyozi.
Kulenga hakunifundisha.
"Kulenga utajua mwenyewe. Mtazame nyuma yake.
Katua kwenye dishi: nyuma yake nini? Kioo.
Nyuma ya kioo? Pazia.
Nyuma ya pazia mtoto anatafuta kiatu cha shule.
Basi huyo si kunguru tena, ni mtoto.
Ondoa kidole.
Katua kwenye waya, nyuma yake mbingu tupu?
Mbingu si ukuta.
Kinachopanda hushuka, na hujui kinamshukia nani."

Na mwezi wa tatu ukiisha, alisema, funga bunduki kabatini.
Makinda wakiwa kiotani, ukimwua mama
watano wanabaki na njaa,
na njaa haina shabaha.

Jumanne nilikosea.
Upepo uligeuka kutoka Matrah nikiwa nimeshabonyeza.
Bawa. Akazunguka kama karatasi
akaangukia uchochoroni, kando ya duka la fundi cherehani.
Lifti mbovu. Orofa tano kwa miguu,
na kila orofa nikimwomba afe kabla sijafika.

Hakufa. Rafiqul mfagiaji alikuwa kamfunika na kapu la nguo,
kasimama juu yake na ufagio, anamfukuza paka.
Hatukusemezana; hatuna lugha moja nzuri.
Alinua kapu kidogo, akageuza uso.
Nilimaliza kazi kwa karibu, mara moja,
kama nilivyopaswa kuimaliza kwa mbali.
Yeye hakulia. Waliolia ni wenzake kwenye nyaya,
na tangu siku ile wanaijua kofia yangu.
Nimebadili kofia. Wanaujua mwendo wangu.

Ngazini Bi Zuwena aliuliza, kama kawaida, "Wangapi leo?"
"Wawili."
"Wameteseka?"
"Mmoja."
Akanimiminia chai nusu kikombe.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuliuliza.
Mwaka sabini na mbili alishuka hapa na sanduku moja,
Kiarabu chake ni cha kuswalia tu,
majirani wakimwita Zinjibari, hata jina hawataki kulijua.
Usiku wa kwanza hakulala.
Alfajiri akasikia dirishani: kraa, kraa,
sauti ileile ya jikoni kwao, Malindi, Unguja.
"Nililia, mwanangu. Nilisema, loo,
kumbe kuna mtu ninayemfahamu."
Akafuta meza.
"Wanachafua matangi, wanakula mayai ya wenzao. Najua.
Barua nimeitia saini mimi."

Leo yuko mmoja, peke yake, ukingoni mwa ngazi.
Nyuma yake ukuta mtupu, saruji nene, bila dirisha.
Upepo umelala. Zahor angesema: huyu.
Nyuma ya ukuta, lakini, nasikia ndara zinapanda
polepole, na kifuniko cha birika kinagongagonga.
Kidonge hiki hakipenyi saruji. Nalijua hilo.

Naondoa kidole.
Kunguru ananitazama, anajikuna shingo, hana haraka.
Mlango wa paa unalia.
Chai kwanza.